Bata wa kuoka wa kufungiwa, Arusha: mchague kwa dakika zilizopo kati ya oveni na meza yako

Anayetaka bata wa kuoka kutoka mgahawa wa Kichina mjini Arusha huanza kwa kuuliza nani anapika vizuri. Swali hilo ni la haki, ila linaacha nje kitu kinachoharibu bata wengi kuliko wapishi wabaya, nacho ni safari. Bata anaweza kutoka kwenye oveni na ngozi kavu inayovunjika kwa mlio, akafika Njiro na ngozi laini kama ya kuku wa mchuzi, na mpishi asiwe na kosa lolote. Kwa hiyo tunailinganisha hapa mitindo mitatu ya migahawa ya Kichina kwa kipimo kimoja: nani anavumilia kufungwa, kubebwa na kusubiri. Mwishoni tunamwongeza wa nne, yule wa sokoni ambaye unamwoka mwenyewe.

Kwanza ieleweke kwa nini ngozi inalegea. Bata ni ndege wa majini, na chini ya ngozi yake kuna tabaka nene la mafuta. Mpishi ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuyayeyusha mafuta hayo yatoke, na kuikausha ngozi iliyobaki juu. Bata akishatoka motoni, nyama yake bado ina maji na joto, hivyo mvuke unaendelea kutoka ndani kwenda nje. Ukimfungia kwenye boksi, mvuke unagonga mfuniko, unageuka matone, na matone yanairudia ngozi. Isitoshe, ngozi imepakwa kitu kitamu, na sukari hunyonya unyevu. Ndani ya boksi lililobana, robo saa inatosha kuanza kuona tofauti.

Bata wa Peking

Huyu ndiye mwenye jina. Hupulizwa hewa kati ya ngozi na nyama ili viachane, humwagiwa maji ya moto ngozi ikazane, hupakwa maltosi (sukari nzito ya nafaka inayovutika kama asali), kisha hutundikwa akauke kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Mgahawa wa Quanjude wa Beijing, uliofunguliwa mwaka 1864, ndio uliosambaza sifa za kumwoka akiwa ananing'inia kwenye tanuri la wazi lenye kuni za miti ya matunda. Kwa mtindo huu ngozi ndiyo mlo wenyewe na nyama ni msindikizaji. Hukatwa vipande vyembamba, vikakunjwa ndani ya vichapati pamoja na vitunguu majani, tango na sosi tamu nyeusi ya ngano iliyochachushwa.

Vichapati hivyo msomaji wa huku anavifahamu bila kujua: hutengenezwa kama manda za sambusa. Madonge mawili hupakwa mafuta katikati, husukumwa pamoja, huchomwa kwenye chuma kikavu, kisha hutenganishwa yangali moto. Ukipewa vichache kwenye kifurushi chako, na huwa ni vichache, manda za nyumbani zilizopashwa kwenye mvuke zinaziba pengo vizuri.

Kwa kubeba, huyu ndiye dhaifu kuliko wote. Kipande chembamba kinapoa haraka, na kila upande uliokatwa unatoa mvuke kwa jirani yake. Ngozi inalegea huku nyama inakauka, hasara mbili kwa pamoja. Kumpasha moto hakusaidii, kwa sababu vipande vya unene wa milimita chache vinakuwa vigumu kabla ngozi haijarudi. Ushauri wetu ni mfupi: bata wa Peking aliwe mezani pale mgahawani. Kama ni lazima abebwe, iwe kwa nyumba iliyo ndani ya dakika 15, na omba ngozi ifungwe peke yake kwenye karatasi, mbali na nyama. Usiache mifupa. Imelipiwa, na mezani huko Uchina hurudi kama supu.

Bata wa Kikantoni

Huyu ni wa kusini mwa Uchina, yule anayeonekana ananing'inia kwenye madirisha ya maduka ya Hong Kong na Guangzhou. Tofauti yake iko ndani. Tumbo hujazwa mchanganyiko wa soya sosi, chumvi, sukari, tangawizi, vitunguu majani, soya iliyochachushwa na viungo vitano vya Kichina: mdalasini, karafuu, shamari, pilipili ya Sichuan na kile kiungo chenye umbo la nyota. Kisha hushonwa au hufungwa kwa sindano ya chuma, ngozi humwagiwa maji ya moto, hupakwa siki na maltosi, akatundikwa akauke. Akiwa motoni, kitoweo cha tumboni kinachemka na kuikoleza nyama kutoka ndani. Akifunguliwa, mchuzi wake unamwagwa kwenye bakuli, na huo ndio sosi yenyewe.

Kwa sababu ladha imeingia kwenye nyama, bata huyu bado ana kitu cha kukupa hata ngozi ikilegea. Ndiyo sababu tunamweka mbele kwa wale wa kubeba. Anakwenda vizuri na wali mweupe, na hata na ugali, kwa kuwa mchuzi wake una chumvi na utamu wa kutosha kuchovya.

Kinachomharibu ni kisu. Desturi ni kumkatakata kwa kisu kipana, mfupa na nyama pamoja, vipande vya upana wa vidole viwili, kisha mchuzi ukamwagwa juu. Mezani ni sawa. Ndani ya boksi, ngozi inakaa kwenye mchuzi nusu saa na kuwa uji. Kwa hiyo agizo lako kwa simu liwe na mambo matatu, na uyaseme yote kabla bata hajakatwa: "Kaka, naomba nusu bata, usimkatekate, mchuzi uweke kwenye kopo lake, na mfuniko utobolewe." Mgahawa unaojua kazi yake hautashangaa.

Nusu au mzima? Kwa kubeba, nusu isiyokatwa ni ukubwa mzuri kuliko wote. Bata mzima ana mvuke mwingi zaidi tumboni, na oveni ndogo za mezani zilizo kwenye nyumba nyingi hazimpashi sawasawa. Ukichukua nusu mbili umepata mzima, na kila moja inalala bapa na ngozi juu.

Bata mkavu wa kukaanga

Wa tatu ana asili ya Sichuan, jimbo la Uchina. Husuguliwa chumvi na pilipili ya Sichuan, huachwa akolee, hupikwa kwa mvuke saa mbili au zaidi mpaka nyama iachie mfupa, hukaushwa, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Migahawa ya Kichina ya Uingereza ilimchukua, ikamchambua kwa uma na kumpakua na vichapati vilevile vya bata wa Peking. Ndipo mkanganyiko ulipoanzia: kwenye menyu nyingi nje ya Uchina, jina "Peking" linaandikwa juu ya bata huyu wa kukaanga.

Si udanganyifu mkubwa, ila unanunua kitu kingine. Maswali mawili yanatosha kumtambua. Je, lazima aagizwe siku moja kabla? Na je, mezani anakatwa vipande vyembamba kwa kisu, au anachambuliwa kwa uma? Bata wa Peking hawezi kuandaliwa kwa dakika 20 tangu uagize, maana kukausha ngozi peke yake kunakula usiku mzima. Anayechambuliwa kwa uma amepikwa kwa mvuke na kukaangwa.

Kwa safari ya nusu saa mpaka saa nzima, huyu anastahimili kuliko wote. Mafuta yake mengi yameshatoka kwenye mvuke, na ngozi imekauka kwa kukaangwa, si kwa kupakwa sukari. Ikilegea, dakika chache za oveni zinairudisha. Upungufu wake ni nyama: ni laini lakini imekauka nyuzinyuzi, haina ule utamu wa majimaji wa Kikantoni. Anayependa paja lenye mchuzi ataona amepungukiwa. Watoto na wazee humpenda kwa sababu hana kazi ya mifupa.

Kufunga, na ile hotipoti

Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, chakula cha kufungiwa hutoka kwenye kontena za foili, maboksi ya karatasi au yale meupe ya povu, ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi. Boksi la karatasi ni bora kwa bata, kwa kuwa linanyonya mvuke kidogo. Foili inashika joto vizuri, ila mfuniko wake utobolewe mashimo manne au matano ya ukubwa wa kijiti cha meno. Boksi la povu ndilo baya zaidi: joto halitoki, mvuke hautoki.

Hotipoti, chombo kinachoaminika kwa pilau na chapati, hapa ni adui. Imetengenezwa kuzuia joto na unyevu, na bata anataka joto libaki huku unyevu ukiondoka. Tumia hotipoti kwa wali na kwa mchuzi. Bata mwache kwenye boksi lililotobolewa, chini kukiwa na karatasi kavu ya jikoni iliyokunjwa mara mbili.

Bodaboda ni haraka kuliko gari kwenye msongamano wa jioni, na kwa Kijenge, Sekei au Sakina haraka hiyo ina faida. Ila boksi likae bapa bila kuinama na mchuzi uwe na mfuniko wa kukaza. Sosi ikimwagikia ngozi, haraka yote imepotea bure.

Usa River, na Moshi

Ukitoka katikati ya mji kuelekea Tengeru na Usa River, uko kwenye eneo la bata wa kukaanga, au wa Kikantoni asiyekatwa na oveni iliyowashwa nyumbani kabla hujafika. Mpaka hapo bado unaweza kumbeba akiwa moto.

Moshi ni habari nyingine. Ni kilomita zipatazo 80, na kwa vibao vya mwendo vya Maji ya Chai, Kikatiti na Boma Ng'ombe, ni saa moja na nusu hadi mbili. Hapo suala linahama kutoka ngozi kwenda usalama. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa 2 kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na hewa ikizidi nyuzi 32 muda huo unashuka hadi saa 1. Moshi iko chini kuliko Arusha na ina joto zaidi, hasa Januari na Februari, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hilo linapitwa upesi. Bata wa uvuguvugu kwa saa mbili ndiye yule anayeleta tumbo la usiku.

Kwa hiyo kwa Moshi tunashauri kinyume cha mazoea: mbebe akiwa baridi. Agiza siku moja kabla, omba aokwe jioni, akatwe nusu mbili ili apoe upesi, alazwe kwenye friji bila kufunikwa, nawe umchukue asubuhi ndani ya kibebeo chenye barafu. Friji isiyofunikwa inamkausha ngozi, na ngozi iliyokauka ndiyo inayorudi vizuri motoni. Akifika Shanty Town au Rau, anaingia kwenye oveni akiwa na hali nzuri kuliko yule aliyesafiri moto akachemka kwenye mvuke wake. Mchuzi nao usafiri baridi, uchemshwe kando. Bata wa Peking usimpeleke Moshi kabisa.

Kupasha moto

Nusu bata: oveni nyuzi 200, juu ya wavu na trei chini, ngozi juu, dakika 12 hadi 15 kama hajapoa sana. Akitoka friji, mwache nje dakika 20, kisha dakika 15 kwa nyuzi 160, na 8 za mwisho kwa 220. Ndani ya paja kipimajoto kisome 74. Kosa la kawaida ni kuanza na moto mkali: maltosi inaungua na kuwa chungu huku mfupa ungali baridi. Ukiona ncha ya bawa inageuka nyeusi, ifunike kwa foili.

Bila oveni, sufuria nzito yenye makaa juu ya mfuniko inafanya kazi nzuri, ileile ya kuokea mkate. Chini weka makaa machache, juu weka mara mbili yake, na bata akae juu ya kitu kinachomwinua, hata vijiko vitatu vya chuma. Fungua mfuniko kila dakika 4 mvuke utoke. Usipoufungua umetengeneza sufuria ya kuchemshia.

Kikaangio kinafaa kwa kidari tu: ngozi chini, moto mdogo, bila mafuta, dakika 5 hadi 6, kwa sababu mafuta yake mwenyewe yatatoka. Maikrowevu inapasha maji yaliyo ndani ya nyama, nayo yanapanda kwenye ngozi. Itumie kwa wali.

Bei, na wangapi watashiba

Bata humwonyesha mnunuzi ukubwa asio nao. Ana kifua kipana, mifupa mizito na mafuta mengi. Aliyechinjwa na kusafishwa akiwa na kilo 2.2 atapoteza karibu theluthi motoni, na katika kilichobaki mifupa inachukua sehemu kubwa. Hesabu watu 3 hadi 4 pamoja na wali na mboga, ilhali kuku wa uzito huo angelisha 5. Kabla ya kusema mgahawa fulani ni ghali, gawa bei kwa walaji, na uulize kama vichapati, sosi na supu ya mifupa vimo. Bata wa Peking mwenye supu yake huweza kuwa nafuu kuliko alivyoonekana kwenye menyu.

Mezani pakiwa na Waislamu, uulize mgahawa mapema mambo matatu: bata amechinjwa na nani, je oveni hiyohiyo huning'iniza kitimoto, na je kuna mvinyo wa mchele kwenye kitoweo. Majiko ya Kikantoni kwa desturi huoka nguruwe na bata kwenye tanuri moja, mafuta yakidondoka pamoja, na mvinyo wa mchele ni kiungo cha kawaida. Bata wa kukaanga naye ana swali lake: mafuta hayo yamekaangia nini kabla? Jibu la "hakuna shida" si jibu.

Au umwoke mwenyewe

Bata wengi wa kienyeji wanaouzwa wakiwa hai katika masoko kama Tengeru na Kiboriloni ni wale wenye vinundu vyekundu usoni, wanaofoka badala ya kulia kwa kelele. Asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Nyama yao ni nyekundu, yenye mafuta machache kuliko bata weupe wa aina ya Pekini wanaopendwa na migahawa. Ladha yao ni nzuri, pengine nzuri zaidi, lakini hawatoi ngozi ileile, kwa kuwa mafuta ya kuikaanga ngozi kutoka chini ni kidogo. Jike wa wiki 10 au dume wa wiki 12 anafaa oveni. Dume la mwaka mzima lenye kilo nne au tano ni la mchuzi. Likiokwa linakuwa mpira wenye harufu.

Ukimpata mchanga: ondoa ile tezi ya mafuta juu ya mkia, yenye umbo la njegere mbili, vinginevyo harufu yake inapenya mgongo wote. Toboa ngozi ya mapaja na chini ya mabawa kwa sindano bila kuigusa nyama. Mmwagie lita 2 za maji yanayochemka yenye vijiko 3 vya siki, mfute, msugue chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula, mlaze kwenye friji bila kufunikwa usiku mzima. Oka nyuzi 160 kwa saa moja na nusu, kisha 220 kwa dakika 15. Asali ipake dakika 10 za mwisho tu. Ukiipaka mwanzoni itaungua kabla mafuta hayajatoka.

Anayeamua kumchemsha kwanza akumbuke kwamba Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Muda ulioandikwa kwenye mapishi ya pwani au ya Hong Kong hautoshi. Ongeza robo ya muda, kisha pima kwa uma kwenye paja.

Kwa gharama, wa nyumbani anashinda kwa urahisi. Kwa ngozi anashindwa na mgahawa mzuri, isipokuwa ukipata bata mweupe wa wiki 7 au 8. Na mgahawa mzuri naye anashindwa na umbali ukizidi nusu saa. Mkazi wa Kijenge aagize wa Kikantoni, nusu, asiyekatwa. Wa Usa River awashe oveni kwanza, ndipo apige simu ya bata wa kukaanga. Wa Moshi aagize leo kwa ajili ya kesho na atafute barafu. Mifupa, popote ulipo, ichemshe saa mbili na tangawizi; mchuzi huo kwenye mtori wa ndizi unakolea kuliko unavyotarajia, ila punguza chumvi, maana soya sosi imeshaingia hadi mfupani.